Kumbadilishia mteja kifurushi bila kumdondosha

Nyumba ya wageni pale Nyegezi imelipia kwa simu saa nane mchana, intaneti yake ipande kutoka Mbps 5 hadi 10. Mafundi wengi wa Mwanza watabadili kasi kwenye mfumo wa malipo, kisha watamdondosha mteja, yaani kumkatia muunganisho, ili akiunga upya aipate. Kasi anaipata kweli, ila wageni wote waliokuwa kwenye simu za video wamekatwa, kwa jambo ambalo lango la wateja (BNG, ruta inayowaunganisha na intaneti) lingelimaliza chini ya sekunde moja huku sesheni, yaani muunganisho wa mteja, ikiendelea.

Dawa yake ni CoA (Change of Authorization), amri ambayo seva ya RADIUS, ile inayothibitisha wateja na kuhesabu matumizi yao, hulitumia lango sesheni ikiwa hai. Uthibitishaji hupita poti 1812 na hesabu za matumizi 1813, zote kutoka langoni kwenda kwenye seva. CoA hutembea kinyume, kwa UDP 3799 (vifaa vya Cisco vimezoea 1700, kwa hiyo angalia kabla hujailaumu fayawoli). Kwenye lango la MikroTik iruhusu kwanza:

/radius incoming set accept=yes port=3799

Kisha kwenye seva (Acct-Session-Id ni namba ya sesheni, 10.20.0.1 ni anwani ya lango, SIRI ni neno la siri la seva na lango):

echo 'User-Name="nyegezi07",Acct-Session-Id="81a0004f",Mikrotik-Rate-Limit="5M/10M"' | radclient -x 10.20.0.1:3799 coa SIRI

Hiyo 5M/10M isome kwa jicho la ruta: namba ya kwanza ni kile ruta inachopokea kutoka kwa mteja, yaani kupakia, ya pili ni kupakua. Ukizigeuza, aliyelipia 10 atapakua kwa 5.

Anza kwa kubadili kasi kwenye hifadhidata ya RADIUS, ndipo utume CoA. Ukituma CoA peke yake, kasi itapanda sasa hivi, lakini umeme ukikatika usiku mteja atarudi na kasi ya zamani, na asubuhi simu yako haitapoa.

Ukijibiwa CoA-ACK, amri imepokelewa. Ukijibiwa NAK (amri imekataliwa) yenye Error-Cause 503, lango haliijui sesheni hiyo. Mara nyingi Acct-Session-Id uliyotuma ni ya jana. Kimya ni ugonjwa mwingine kabisa, na hapo ndipo watu hupoteza saa nzima wakikagua jina la mteja. Seva ina anwani mbili na imetuma kwa ile ambayo lango halijaandikiwa, au neno la siri halilingani, basi pakiti inatupwa bila jibu. Washa tcpdump (programu ya kutazama pakiti) kwenye seva, utazame anwani ya chanzo.

Kuna pia ACK inayokuja na kasi isibadilike. Angalia fasttrack, njia ya mkato ya MikroTik: miunganisho inayopita humo hairuki fayawoli tu, inairuka na foleni ya mteja, ile inayobana kasi yake. Ukiwabana wateja kwa foleni hizi, zima fasttrack.

Anwani ya IP au kundi la anwani (pool), MikroTik haibadilishi kwa CoA. Aliyeishiwa kifurushi na unayetaka kumpeleka kwenye ukurasa wa malipo kwa kumpa anwani nyingine lazima adondoshwe, kwa amri ya Disconnect-Request, poti ileile.

Kinachosumbua zaidi huku ziwani ni sesheni hewa, ndugu wa wafanyakazi hewa. Radi ikipiga au betri ya mnara ikiisha, lango linazimika kabla ya kutuma Stop, taarifa kwamba sesheni imeisha. Hifadhidata inaendelea kuamini mteja yuko hewani, na ukiwa umeweka Simultaneous-Use (idadi ya sesheni kwa wakati mmoja) kuwa 1, anakataliwa na nywila yake ni sahihi. Weka Acct-Interim-Interval (kila baada ya muda gani lango litume taarifa ya matumizi) sekunde 300, na hati ndogo (script) inayofunga kila rekodi isiyo na acctstoptime, saa ya kumalizika, ambayo imekaa kimya dakika 15. Chini ya hapo utawafunga wazima waliopoteza pakiti moja au mbili tu.

Umeme ukirudi, wateja wote hupiga hodi kwa pamoja. Muda wa kusubiri RADIUS ukiwa milisekunde 300, seva inazidiwa, lango linarudia maombi, na msongamano unajilisha wenyewe. Sekunde 3 zinatosha.

Kwa wanaouza kwa GB: Acct-Output-Octets, ambayo ndiyo upakuaji wa mteja, ni biti 32, hivyo hurudi sifuri kila baiti 4,294,967,296. Zidisha Acct-Output-Gigawords (mara ngapi imerudi sifuri) kwa namba hiyo, kisha ujumlishe. Asipofanyiwa hivyo, aliyepakua GB 9 usiku kucha ataonekana katumia kama GB 1 hivi.