Leseni ya SBIC ikifutwa, tatizo lilianza miaka nyuma

Tangazo la kufutwa leseni ya SBIC, aina ya mfuko wa uwekezaji, huwa fupi mno: aya moja au mbili katika gazeti rasmi la serikali ya Marekani, zenye jina la mfuko, namba ya leseni na amri ya mahakama. Anayelisoma hudhani mtu ameadhibiwa juzi. Mara nyingi mali zilishauzwa zamani, na kilichobaki ni kufunga jalada.

SBIC ni kampuni binafsi za kuwekeza katika biashara ndogo, zilizoanzishwa kwa sheria ya 1958 na kupewa leseni na SBA, idara ya serikali kuu inayosimamia biashara ndogo. Wabia huchanga mtaji, kisha mfuko hukopa kwa hati fungani za miaka 10 zinazodhaminiwa na SBA. Sheria ya 2018 iliweka dari ya mkopo huo kwa mfuko mmoja kuwa dola milioni 175.

Mambo huharibika pale hasara inapokula mtaji. Hesabu yake, kwa ufupi, ni hii: chukua hasara halisi ambayo haijafidiwa na faida, ongeza thamani iliyopotea katika vitega uchumi vilivyobaki, gawanya kwa mtaji wa wabia. Mtaji wa dola milioni 30, hasara ya milioni 12 na thamani iliyoshuka kwa milioni 6: asilimia 60 imeliwa. Je, hiyo ni nyingi mno? Inategemea. Mfuko uliowekeza zaidi kwa kununua hisa za kampuni na wenye mkopo mdogo huvumiliwa zaidi kuliko uliokopa sana. Meneja anayechelewa kushusha thamani ya kampuni inayoyumba anajidanganya, na wakati huo anaupoteza muda ambao angeutumia kutafuta mtaji mpya.

Asilimia hiyo ikivuka kiwango ambacho mfuko unaruhusiwa, SBA huandika barua na kutoa angalau siku 15 za kurekebisha. Kwa anayeanza kutafuta fedha siku hiyo, hizo si kitu. Akishindwa, SBA yaweza kudai deni lote mara moja, kisha kwenda mahakama ya shirikisho, ambayo hushika mali zote na kuiteua SBA yenyewe kuwa mfilisi. Kesi za watu wengine dhidi ya mfuko husimamishwa. Mwaka 2005, katika shauri la Acorn Technology Fund, SBIC iliyokuwa chini ya ufilisi, mahakama ya rufaa ilikataa kuondoa zuio la namna hiyo.

Wabia, sikieni hili: ahadi ya mtaji ambayo hamjailipa haifi. Mfilisi huidai, hata kwa kesi.

Na wewe mwenye biashara uliyekopeshwa na mfuko huo, deni lako halifutwi pamoja na leseni. Likusanye jalada lako mapema: mkataba, ratiba ya marejesho, risiti zote. Ukipata taarifa ya ufilisi, omba nakala ya amri ya mahakama na maelekezo ya malipo kwa maandishi kabla ya kutuma senti. Ukiendelea kumlipa meneja wa zamani, unaweza kudaiwa mara ya pili.

Ipo njia nyingine ya kufutiwa leseni isiyohusu hasara: taarifa za uongo zilizotolewa kwa kujua, au kuvunja kanuni kwa makusudi au kwa kurudiarudia, kwa mfano kuwekeza bila kibali katika kampuni ya mshirika wako, au kumpa fedha mtu ambaye kazi yake ni kukopesha wengine. Hapo SBA hutoa hati ya kumtaka mwenye leseni ajieleze, na kikao cha kumsikiliza hakiwi kabla ya siku 30. Amri ya kufuta leseni ikishatoka, ana siku 30 za kukata rufaa.

Msichanganye kufutiwa na kurudisha leseni. Mfuko uliomaliza kazi yake vizuri huirudisha kwa kibali cha maandishi cha SBA, ukiwa umelipa mkopo wote au umeleta mpango wa kuuza mali uliokubaliwa. Kwa hiyo kabla ya kumhukumu meneja, angalia neno lililotumika katika tangazo, kisha tafuta kama kuna amri ya mahakama iliyotajwa chini yake.