Saundibaa yako inapokea nini? Kupanga sauti ya TV ili spika za nyuma zifanye kazi

Umenunua saundibaa ya 5.1, umeiunganisha na TV, na sauti inatoka kila pembe ya sebule. Usishangilie bado. Saundibaa nyingi zina kitufe cha "Surround" ambacho huchukua sauti ya stereo, yaani chaneli mbili, na kuirudia kwenye spika za nyuma. Sebule inajaa sauti, lakini gari linalokatiza kwenye filamu halikatizi: linanguruma mbele na nyuma kwa mpigo mmoja. Hiyo ni stereo iliyotandazwa. Chaneli sita za kweli (mbele kushoto, kati, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, na ile ya besi inayoandikwa ".1") huamuliwa na TV kabla sauti haijaingia kwenye waya.

Kwa hiyo kabla ya kugusa menyu yoyote, iulize saundibaa inapokea nini. Zenye kioo kidogo mbele huandika PCM (sauti ya kidijitali isiyobanwa), Dolby Digital (sauti iliyobanwa, hadi 5.1) au Dolby Atmos (inayoongeza sauti za juu ya kichwa) filamu inapoanza, au ukibonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti yake. Zisizo na kioo huonyesha kwa rangi ya taa, na maana ya kila rangi iko kwenye kijitabu kilichokuja ndani ya boksi. Ukiwa umeunganisha kwa ARC ya kawaida (njia ya kurudisha sauti ya TV kwenye saundibaa kupitia waya wa HDMI) au kwa waya wa optiko (unaopitisha sauti kwa mwanga), neno PCM lina maana moja tu: chaneli mbili. Spika zako za nyuma hapo zinabahatisha.

Waya kwanza

Njia ya optiko ni ya zamani, Toshiba waliileta mwaka 1983, na bado inafaa. Inapitisha stereo ya PCM, Dolby Digital 5.1 na DTS 5.1 (mshindani wa Dolby). Haipitishi Dolby Digital Plus, toleo jipya zaidi la Dolby Digital, na Atmos inayotoka kwenye huduma za mtandaoni husafiri ndani ya hiyo Plus. Pia rimoti ya TV kwa kawaida haitapandisha wala kushusha sauti kupitia optiko, kwa sababu waya huo haubebi amri.

ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. Inabeba yote ya optiko, na kwenye TV nyingi za miaka ya karibuni inabeba pia Dolby Digital Plus yenye Atmos. eARC ilikuja na HDMI 2.1 mwaka 2017, na uwezo wake wa takriban megabiti 37 kwa sekunde unatosha kupitisha TrueHD (Dolby isiyopoteza ubora) na PCM ya chaneli nane, mambo ambayo ARC yenye takriban megabiti moja haiwezi. Ili upate eARC, vifaa vyote viwili viwe nayo. Kimoja kikikosa, mnarudi ARC.

Bluetooth iache kwa muziki wa simu. Ni stereo, na mara nyingi sauti inachelewa.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni tundu. TV yenye matundu matatu ya HDMI kwa kawaida ina moja tu lililoandikwa ARC au eARC, na waya lazima uingie hapo. Upande wa saundibaa uingie kwenye lile lililoandikwa "HDMI OUT" au "TV", hata kama jina linachanganya, maana sauti inakuja na siyo kutoka. Ukichomeka kwenye "HDMI IN" hutapata kitu. Kisha washa CEC kwenye TV, yaani njia ya vifaa kupeana amri kupitia HDMI, kwa kuwa ARC kwa kawaida huitegemea ili ianze. Kila kampuni imeipa jina lake: Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita SimpLink, Sony wanaiita BRAVIA Sync.

Mstari mmoja kwenye menyu

Baada ya kuchagua saundibaa kama mahali pa kutolea sauti, watu wengi huishia hapo. Mstari wenye kazi halisi umefichwa hatua moja mbele. Kwenye Samsung ingia Sound, kisha Expert Settings, utafute "Digital Output Audio Format". Kwenye LG ni Sound, Advanced Settings, "Digital Sound Output". Sony wameuita "Digital audio out". TV nyingine hutumia majina yanayokaribiana na hayo. Chaguo huwa ni haya, ingawa siyo kila TV inayo yote:

PCM: TV inafumbua sauti yenyewe. Kwenye ARC na optiko inaikunja kuwa chaneli mbili.

Auto: TV inaiuliza saundibaa inaelewa lugha gani, kisha inatuma ile bora wanayoelewana. Pa kuanzia ni hapa.

Pass Through: TV haigusi kitu. Sauti inapita kama ilivyotoka kwenye chanzo, kwa hiyo ucheleweshaji unapungua. Ubaya wake ni kwamba saundibaa isiyoelewa lugha hiyo itanyamaza kabisa.

Dolby Digital: TV inageuza kila kitu kuwa Dolby Digital, hadi 5.1 kama chanzo kina chaneli hizo.

Saundibaa ya Atmos yenye eARC: weka eARC kwenye Auto, na sauti kwenye Pass Through. Saundibaa ya ARC inayoelewa Dolby Digital Plus: Auto. Saundibaa ya bei nafuu inayojua Dolby Digital peke yake, au yoyote iliyounganishwa kwa optiko: chagua Dolby Digital kama ipo, la sivyo Auto. Netflix hutuma 5.1 yake kwa Dolby Digital Plus, na saundibaa ya namna hii itaipata tu kama TV imekubali kutafsiri.

Saundibaa ya 2.0 au 2.1? Weka PCM ulale. Huna spika za nyuma, na hakuna mstari wa menyu utakaozizaa. Ndiyo maana dukani usome namba kabla ya nembo. Boksi lenye neno Dolby kwa herufi kubwa na 2.1 kwa herufi ndogo ni mbuzi kwenye gunia. Na sabufa kubwa siyo ushahidi wa 5.1, hata kama mtaani tumezoea kuuita mfumo mzima "sabufa".

Chanzo nacho kina maneno

TV haiwezi kutuma chaneli ambazo haikupewa. Kwenye Netflix fungua orodha ya sauti filamu ikiwa inacheza, uone kama lugha uliyochagua imeandikwa 5.1 au Atmos. Mara nyingine Kiingereza kina 5.1 na lugha nyingine ina stereo tu. Atmos inahitaji kifurushi cha Premium. Video nyingi za YouTube ni stereo, kwa hiyo usiitumie kupima.

King'amuzi kikiwa kimechomekwa kwenye TV, ingia menyu yake ya sauti uangalie kama imewekwa Stereo au Dolby Digital. Hata ukiiweka Dolby, vipindi vingi vya matangazo ya kawaida vitabaki stereo kwa sababu ndivyo vinavyorushwa. Kwenye PS5 ingia Sound, Audio Output, na kama TV yako ni ya ARC ubadilishe muundo kutoka Linear PCM kwenda Dolby. Ukiiacha PCM, michezo yako yote itakuwa ya chaneli mbili. Mwenye eARC aiache PCM, ni safi zaidi na haichelewi.

Filamu za flashi zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndipo watu wanapolaumu saundibaa isiyo na kosa. Faili unalopewa kwenye flashi linaweza kuwa na sauti ya AC3, ambayo ndiyo Dolby Digital yenyewe, au AAC, au DTS. AC3 haina shida. AAC ya chaneli sita TV nyingi huikunja kuwa stereo ikiwa kwenye Auto, lakini huipeleka kama 5.1 ukichagua Dolby Digital. DTS ni mtihani: Samsung waliacha kuifumbua kuanzia TV za 2018, na LG waliiacha kwenye TV za 2020 hadi 2022. Picha inacheza, sauti hakuna, na kioo kinaandika kwamba aina hiyo ya sauti haikubaliki. Hakuna mpangilio wa menyu utakaoponya hilo. Geuza sauti kwenye kompyuta kwa programu ya bure ya ffmpeg:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0 -c copy -c:a ac3 -b:a 640k filamu-ac3.mkv

Amri hiyo haigusi picha wala maandishi ya tafsiri, inabadilisha sauti tu, kwa hiyo kazi inakwisha kwa dakika chache. 640k ndiyo kiwango cha juu cha Dolby Digital.

Midomo na maneno visipoendana

Kwanza jua kipi kimetangulia. Sauti ikitangulia picha, ongeza ucheleweshaji kwenye saundibaa au TV, milisekunde 10 hadi 20 kila mara, huku ukitazama mtu anayezungumza akiwa karibu na kamera. Sauti ikichelewa, kuongeza namba hiyo ni kumwaga maji kwenye mafuriko. Irudishe sifuri, weka Pass Through kama saundibaa inaikubali, na zima Game Mode unapotazama filamu, maana Game Mode huharakisha picha na kuiacha sauti nyuma. Usihangaikie tofauti ndogo sana: kwa vipimo vya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, watu huanza kugundua sauti iliyotangulia kwa milisekunde 45, na iliyochelewa kwa 125.

Chumba

Spika za nyuma zikae pembeni kidogo nyuma ya kochi, takriban nyuzi 110 kutoka mbele yako, kwenye usawa wa masikio au juu kidogo. Kuzibandika ukutani karibu na TV kwa sababu waya ni mfupi kunaua kazi yote uliyofanya kwenye menyu. Kochi likiwa limeegemea ukuta, ziweke pembeni zikitazamana. Viwango vyao vipange kwenye rimoti ya saundibaa, mpaka zisikike pale tu filamu inapozihitaji.

Saundibaa za Atmos zenye spika zinazotazama juu, kama za 3.1.2 au 5.1.4 (namba ya tatu ndiyo idadi ya spika hizo), hutegemea dari irudishe sauti chini. Dolby wanashauri dari bapa na ngumu, ya kati ya mita 2.3 na 3.7. Dari ya jipsamu inafanya kazi vizuri. Paa la makuti linameza sauti, na mabati yaliyolala mshazari bila dari yanaitupa pengine. Mwenye nyumba ya namna hiyo anunue 5.1 yenye spika za nyuma za kweli, abaki na chenji.

Umeme ukikatika

Baada ya umeme kurudi, TV mara nyingi hurudi kwenye spika zake, au saundibaa inawaka bila sauti. Mazungumzo ya CEC yamevunjika. Kuzima kwa rimoti hakusaidii, kwa kuwa vifaa vinabaki vimesinzia na kumbukumbu ileile. Chomoa TV na saundibaa ukutani, chomoa waya wa HDMI, subiri dakika mbili, rudisha HDMI, kisha umeme wa TV kwanza. TV ikishawaka kabisa, washa saundibaa. Halafu rudi kwenye ule mstari wa menyu, kwa sababu baadhi ya TV hujirudisha zenyewe kwenye PCM.