Tulivyomwandalia Mwalimu wetu miaka 80

Kiingereza ambacho mama yangu alijibia mtihani wa uraia wa Marekani alikipata kwa mwanamke mmoja Mweusi hapa Greensboro, North Carolina. Alikuwa amestaafu siku nyingi, lakini jioni alikuja kanisani kutufundisha bila malipo sisi Wakongo tuliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Alipokaribia kutimiza miaka 80, niliomba kuisimamia sherehe.

Nilianzia kwa binti yake mkubwa, maana mzee hafanyiwi jambo bila wanawe kujua. Wenzangu walitaka iwe ya kumshtukiza. Nilikataa. Mtu wa umri ule apewe muda wa kushona gauni, kutaja anaotaka kuwaona na kupumzika mchana.

Kazi kubwa ilikuwa kuwapata wanafunzi wake. Alianza kufundisha 1967 katika shule ya Weusi pekee. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kukataza ubaguzi shuleni tangu 1954, ila Greensboro ilichanganya shule zake kikamilifu 1971. Kote Kusini mwa Marekani miaka ile shule nyingi za Weusi zilifungwa, na maelfu ya walimu wao wakafukuzwa au kushushwa vyeo. Yeye alihamishiwa shule iliyokuwa ya Wazungu, akafundisha huko hadi kustaafu. Kwa hiyo nilihitaji watu wa pande zote mbili. Binti yake alinipa picha za darasa, wazee wa kanisa wakatambua sura, na kila aliyepatikana akamleta mwingine.

Kila mmoja nilimwomba aandike jambo moja tu ambalo Mwalimu alimfanyia. Walioleta sifa za jumla niliwapigia simu nikawauliza: lini, wapi, alisema nini? Hapo ndipo mambo yalipotoka. Dereva mmoja mstaafu alieleza alivyobakizwa kila Ijumaa kusoma ukurasa wa michezo kwa sauti, mpaka kigugumizi kikalegea. Mama mmoja Mzungu, wa darasa la 1971, alimkumbuka amesimama mlangoni siku ya kwanza, akimpa kila mtoto mkono na kumtaja jina lake kamili.

Ukumbini niliweka shuhuda kabla ya chakula, kwa sababu watu wakishashiba hawasikilizi. Mama yangu alisema kwa Kiswahili, nami nikatafsiri. Alipofundishwa lile swali la mtihani kuhusu alichofanya Martin Luther King, Mwalimu alimpeleka Elm Street, kwenye duka la zamani la Woolworth ambalo sasa ni makumbusho. Alimwonyesha kaunta ya chakula, iliyokuwa ya Wazungu tu, walipoketi wanafunzi wanne Weusi wa chuo cha A&T tarehe 1 Februari 1960, wakakataa kuondoka. Mwalimu, wakati ule msichana wa sekondari, alikuwa akinunua uzi duka lilelile. Pesa yake ilipokelewa, ila kuketi kunywa soda hakuruhusiwa.

Mwalimu alisikiliza hayo mkono wake ukiwa juu ya mkono wa mama.

Kisha meza zikafunguliwa: sombe yetu ya majani ya muhogo kando ya kuku wa kukaanga na majani ya kolado, jamaa ya sukuma wiki, ya akina mama wa kanisa. Barua zote tulizifunga katika jalada moja. Wiki iliyofuata Mwalimu alinipigia akitaka anwani za walioandika, na tayari ameanza kuwajibu kwa mkono wake, mmoja mmoja.