Basi utanipita

Tangu Jumanne nina jambo kooni, halipandi halishuki. Ni maneno ya Bhai, mwenzangu wa kazini hapa Marekani, kuhusu foleni yetu ya kadi ya ukaazi wa kudumu: "Basi utanipita." Lau angeyasema kwa hasira ningepata la kumjibu. Aliyasema kwa upole, huku anafunika bakuli lake la dengu, akarudi mezani kwake kuendelea na hesabu za nguzo za daraja.

Tulikuwa jikoni pale ofisini, mbele ya ukuta wa mikrowevu, palipobandikwa ile karatasi ya kazi yangu. Niliwaandikia wakati ule: kabla ya kukuombea ukaazi, sheria inamtaka mwajiri aitangaze nafasi yako kwanza, gazetini Jumapili mbili, kwenye ofisi ya ajira ya jimbo siku 30, na ukutani kazini siku 10 za kazi, ili kama yuko Mmarekani anayeiweza kazi hiyo, ajitokeze. Jina langu halikuwapo, lakini mshahara ulikuwapo, na kila aliyekuja kupasha chakula moto alijua ni wangu. Bhai naye aliisoma, akanyamaza. Jumanne hii ndipo akaniuliza, "Hivi wewe ulizaliwa wapi hasa?"

Nikamwambia Mombasa, Makadara.

"Kaka yangu alizaliwa hospitali ya Pandya," akasema. Akatulia kidogo. "Basi utanipita, ben," yaani dada.

Kwamba wazazi wake waliishi Mombasa nilikuwa najua, na nyinyi nilishawasimulia. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa Biashara Street. Sheria ya leseni ya 1967 ikawabana wafanyabiashara wasio raia, wakavumilia miaka kadhaa, mwisho wakafunga duka na kurudi Jamnagar, kaka yake akiwa bado wa kubebwa. Mama yake mpaka leo, akitaka wajukuu wasielewe, humsemesha mzee kwa Kiswahili. Nisilolijua ni kwamba Bhai ndiye mtoto wa kwanza kuzaliwa baada ya kurudi. Mama mmoja, baba mmoja, kaka kazaliwa kwetu na yeye kazaliwa India.

Na kwenye foleni hii hilo ndilo linaloamua. Viza za kazi za ukaazi wa kudumu ni kama 140,000 kwa mwaka, na wake, waume na watoto wamo humo humo. Watu wa nchi moja wanatakiwa wasipite asilimia 7 ya viza hizo, na nchi inayohesabiwa ni ile uliyozaliwa, siyo ya pasipoti yako. Baniani aliyezaliwa Ngara au Kisumu, kwenye jedwali la viza la kila mwezi ni Mkenya. Bhai angechukua uraia wa Kenya leo hii, bado angekaa kwenye safu ya India. Sheria inakuruhusu kuazima nchi aliyozaliwa mume au mke wako, ila mkewe naye ni wa Jamnagar. Bhai aliwahi kumuuliza wakili kuhusu kaka yake. Ndugu hahesabiki.

Tarehe ya foleni ya Bhai ni Agosti 2016. Yangu ni Machi 2024, siku ombi la PERM, lile la mwajiri kuthibitisha kwamba hakupata Mmarekani wa kazi hiyo, lilipofika Wizara ya Kazi. Sote wawili tuko daraja la pili la viza za kazi, sote wawili shahada ya uzamili, na yeye ndiye aliyenifundisha kusoma ripoti za ukaguzi wa madaraja nilipofika Columbus sijui hata chumvi ya barabarani inavyokula chuma. Jedwali la Oktoba 2025 liliwaruhusu wa tarehe yangu kupeleka fomu I-485, ile ya kuomba kadi yenyewe. Kwa waliozaliwa India, foleni ya daraja hilo la viza ilikuwa bado iko mwaka 2013. Miaka hii yote anaongeza tu viza yake ya H-1B, ile ya kazi ya muda, miaka mitatu mitatu. Mwaka juzi walitaka kumpa usimamizi wa kitengo kizima akakataa, kwa kuwa cheo kipya kingeweza kumlazimu mwajiri kuanza PERM upya. Sasa anaripoti kwa kijana ambaye alimfundisha kazi yeye mwenyewe.

Na yuko binti yake. Aliletwa hapa hajui kutembea, anaongea kama watoto wote wa Ohio, sasa ana miaka 19 na yuko chuo. Akitimiza 21 anatoka kwenye ombi la baba yake, isipokuwa ile miezi michache ambayo I-140, ombi la mwajiri wa baba yake, ilikuwa mezani kwa uhamiaji ndiyo wanayompunguzia kwenye umri. Baada ya hapo atafute viza yake mwenyewe ya kuishi katika mji pekee anaoukumbuka. Nuru wangu ana miaka minane, na huenda akaipata kadi yake kabla hajamaliza shule ya msingi.

Wiki hii shemeji kajifungua pacha kule Kongowea, na hesabu za daraja letu zimepitishwa. Mimi nimo kwenye ile dakika moja ya jikoni. Nairudia nikiendesha gari, nairudia nikisuka nywele za Nuru. Je, alikuwa ananiuliza au ananiarifu? Mbona alimtaja kaka yake kwanza? Nilimjibu, "Inshallah na yako itafika." Akaniitikia, "Inshallah," vile vile anavyoitamka mama yake, na yeye ni Mhindu anayewasha taa zake kila asubuhi. Jibu hilo ndilo linalonirudia zaidi kuliko yote.

Juzi shangazi kanipigia, sauti imejaa furaha: "Mwanangu, dua zetu zimejibiwa!" Nampenda shangazi, na najua alivyokesha akiniombea. Lakini moyo ulinichafuka. Mke wa Bhai naye anaomba, tena ameanza kabla yetu. Mimi simuamini Mungu anayesoma cheti cha kuzaliwa kabla ya kusikiliza. Hii ni sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 1990, imeandikwa na watu, na watu wanaweza kuibadilisha. Miswada imeletwa mara kwa mara, ikakwama. Sitaki mtu aniambie nimependelewa. Nimesoma, nimefanya kazi, nimefuata kila hatua, na Bhai kafanya hayo hayo kwa miaka mingi kuliko mimi. Na nitaichukua kadi hiyo, wallahi nitaichukua, kwa mikono miwili.

Alhamisi asubuhi nikakuta faili juu ya meza yangu. La buluu, lile la mikanda, lina vigawanyo vya rangi. Ndani yake kuna orodha aliyoiandika kwa mkono: vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, I-94 zote za kuingia nchini, hati za mshahara, picha. Karibu na neno daktari ameandika kwamba lazima awe kwenye orodha ya uhamiaji, na kwamba bahasha yake ikishafungwa nisiifungue. Karibu na ada kapiga mstari: dola 1,440 kwa kila mtu mzima, 950 kwa mtoto. Fomu hizi Bhai hajaruhusiwa kuzipeleka hata mara moja, na anazijua ukurasa kwa ukurasa. Nikamwendea. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Cheti chako cha kuzaliwa kiliandikishwa lini?" Nikamwambia, nilipokuwa darasa la saba, baba alipohitaji namba ya mtihani. "Basi tafuta viapo viwili mapema. Watakuuliza." Akarudi kwenye kompyuta yake. Hilo tu.

Nimeshamwambia Mama na Mama Mkubwa waende kwa wakili kuapa kwamba walikuwapo. Mama Mkubwa anataka kiapo chake kieleze mvua ilivyonyesha usiku ule na teksi ilivyokwama Buxton. Nimemwambia aandike tarehe na jina la hospitali, mvua atatusimulia sisi.

Jana usiku Baba Nuru alitandaza vyeti vyake mezani. I-140 yangu ilipopita, naye akapata haki ya kuomba kibali cha kazi, akapeleka, na sasa pamoja na I-485 ataomba tena kwa njia ya pili. Mwalimu wa fizikia, aliyekaa nyumbani muda wote huu akimpeleka mtoto shule na kumrudisha, akipika, akiwafundisha watoto wa majirani bila kupokea hata senti kwa sababu sheria haimruhusu. Alikuwa amevaa miwani, ameshika barua yake ya TSC, tume ya walimu ya Kenya, kona moja imeliwa na mende wa Kisauni. Akaniuliza, "Unadhani hawa wataikubali ikiwa hivi?" Nikamwambia tutaipiga skani. Akaendelea kuilainisha kwa kiganja, akaanza kunieleza jinsi atakavyofundisha mawimbi kwa kutumia kamba ya kurukia, akasimama, akaichukua ya Nuru nyuma ya mlango, akanipa mwisho mmoja nishike. Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Sijamwona hivyo tangu tuhame.

Sasa kuna hili la Salim wetu huko nyumbani. Kaniandikia leo alfajiri kwamba amepata kiwanja Mtwapa, bei ni ya kutupa, muuzaji anataka arubuni kabla ya Ijumaa. Nimemuuliza kama amefanya search kwa msajili wa ardhi Kilifi, kaniletea picha ya fotokopi ya hati miliki, namba ya kiwanja haisomeki. Anasema muuzaji ni mtu wa msikitini. Simu yake nimepiga, haipatikani, na pesa za ile pikipiki aliyouza anazo mkononi.