Namba ipungue, herufi iongezeke

Wanawake wengi wanaoingia kwenye fremu yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, wana ombi moja: "Dada, nipe sidiria ya 40, mimi nina kifua kikubwa." Simpi 40 hapohapo. Namkaribisha nyuma ya pazia, avue sweta, akae kidogo apumue, kisha nachukua futi ya fundi. Mara nyingi mwanamke huyo anaondoka na 34 au 36, tena ya herufi ya kikombe ambayo hajawahi kuivaa maishani mwake.

Kazi hii niliingia kupitia cherehani. Nilikuwa nashona magauni ya vitenge na sare za harusi. Gauni lilipokataa kukaa kifuani, mteja alilaumu mshono, nami nikaufumua na kuushona upya. Baadaye nikaanza kutazama kilichovaliwa ndani: sidiria imepanda mgongoni hadi katikati ya mabega, mbele kifua kimeshuka karibu na tumbo, kamba zimezama kwenye nyama ya bega. Hakuna fundi wa kulinyoosha gauni juu ya hali hiyo. Siku hizi nashona kidogo tu. Kupima sidiria ndiyo kazi yangu.

Nikipewa nafasi ya kumwambia mwanamke jambo moja tu, nitamwambia hili: uzito wa kifua unabebwa na mkanda unaozunguka mbavu. Kamba za begani zinasaidia tu kukiweka kikombe mahali pake. Mkanda ukilegea, nyuma unapanda. Ukipanda nyuma, mbele kunashuka. Mwanamke anafupisha kamba ili ajiinue, na kamba zinazidi kuuvuta mkanda juu, basi mzigo wote unahamia mabegani. Nina wateja wanaochuma chai huko Rungwe, ambao siku nzima kikapu kipo mgongoni. Kamba za kikapu zinapita palepale ambapo kamba za sidiria zimeshachimba. Mmoja alinionesha bega lake, ngozi imekuwa nyeusi na ngumu, akaniambia alidhani ni kawaida ya kila mwanamke mwenye kifua kikubwa. Niliumia sana kusikia hivyo, kwa sababu sidiria yenye mkanda unaobana vizuri ingempunguzia maumivu ya miaka.

Kupima kwenyewe si kugumu. Juni na Julai baridi ya Mbeya haina huruma, kwa hiyo kwanza napasha mikono moto kwenye jiko la mkaa, na mteja anabaki na fulana nyepesi akipenda. Napitisha futi chini kabisa ya matiti, imelala sawa nyuma na mbele, imebana, naye ameshatoa pumzi. Hiyo ndiyo namba ya mkanda. Halafu anainama kidogo mbele ili titi lote lishuke lilipo, napima pale palipojaa zaidi, bila kubana. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo inayotoa herufi: inchi moja ni A, mbili ni B, tatu C, nne D, na kwa vipimo vya Uingereza tano ni DD.

Mama mmoja anayeuza viazi Uyole alikuja amevaa 40B. Chini ya matiti alipima 34, juu yake 39. Maana yake ni 34DD. Aliposikia herufi mbili alishtuka, "Mwanangu, hiyo si ya wale wa kwenye picha?" Nikamweleza kwamba kikombe cha 40B na cha 34DD vinabeba ujazo uleule, kama ilivyo 38C na 36D. Ukishuka saizi moja ya mkanda, yaani namba mbili kama kutoka 38 hadi 36, unapanda herufi moja. Ndiyo maana 40B ilimtosha kwa mbele, na ndiyo maana hakujua kwamba nyuma mkanda ulikuwa umemzidi inchi nyingi. Herufi peke yake haisemi kitu. D ya 32 ni ndogo kuliko D ya 38, kwa hiyo mtu asione haya wala asijivune kwa sababu ya D.

Siku hiyo 34DD sikuwa nayo. Nilimpa 36D, nikafumua upande wa kulabu, nikakata mkanda kidogo na kuirudisha kulabu. Alivaa, nikamwambia ainame, aingize mkono pembeni na kuliingiza titi lote kikombeni, hata ile nyama ya kwapani ambayo wengi huiacha nje wakidhani ni unene tu. Alipoinuka nikamwomba anyanyue mikono juu. Mkanda haukusogea. Vidole viwili vilipita chini yake, si ngumi. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu, kisha akasema "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaanza kuzungumza habari za mgongo wake.

Ukinunua mpya, ifunge kwenye kulabu za nje kabisa. Lastiki italegea kadiri unavyovaa na kufua, ndipo unasogea ndani. Ukianzia za ndani, baada ya miezi michache huna pa kusogea. Ikiwa ina waya, kile kipande cha katikati kiguse mfupa wa kifua, na waya ukae kwenye mbavu, usikanyage titi.

Tatizo letu kubwa ni bidhaa. Nyingi zinazofika zimeandikwa 36/80 au 38/85 bila herufi yoyote, na ukizipima vikombe vyote ni vidogo. Ile 80 ni sentimita za chini ya matiti. Za Ufaransa nazo huandikwa 90 pale wengine wa Ulaya wanapoandika 75, hivyo lebo bila futi inapoteza watu. Herufi zilianza kutumika Marekani miaka ya 1930, na sisi bado tunaletewa mizigo kana kwamba vifua vyote ni sawa. Mitumba siuzi. TBS, shirika letu la viwango, ilishapiga marufuku nguo za ndani za mitumba, na hata bila marufuku hiyo, lastiki iliyochoka haiwezi kubeba mtu.

Mama zangu wa sokoni, nawaomba pia simu na pesa zitoke ndani ya sidiria. Nawashonea kimfuko cha kitenge cha kufunga kiunoni, ndani ya sketi. Simu inavuta kikombe kimoja chini na inakwaruza ngozi.

Swali ninaloulizwa sana ni kama waya unaleta saratani. Hapana. Utafiti uliofanyika Seattle, Marekani, ukachapishwa mwaka 2014, uliwahusisha wanawake zaidi ya 1,500 waliokwisha koma hedhi, wenye saratani ya matiti na wasio nayo, na haukuona uhusiano wowote na kuvaa sidiria, iwe na waya au isiwe nao. Kwa anayenyonyesha, hata hivyo, nashauri isiyo na waya na isiyobana, kwa sababu kifua kinabadilika kutwa nzima na sidiria inayobana inaweza kuziba maziwa. Na mtu akiniambia ana uvimbe, naweka futi chini. Hapo si kazi yangu. Namwambia aende hospitali wiki hiyohiyo, na kama anaogopa kwenda peke yake, namsindikiza.

Wapo waliokwisha kuondolewa titi. Kwao nashona mfuko laini ndani ya kikombe na kuujaza pamba, pamoja na kitu chenye uzito kidogo, ili mabega yakae sawa. Hawa nawapima saa za asubuhi kabla soko halijachangamka, mlango umefungwa.

Mfanyabiashara wa Kariakoo ninayenunua kwake amekuwa akiniambia 34 yenye kikombe kikubwa haitoki. Nilimpelekea daftari langu, majina yamefunikwa, vipimo tu. Alivisoma, akakubali kuniletea dazani ya 34DD, 34E na 34F zisizo na sponji. Nimemwomba ziwe za kahawia iliyokolea, kwa sababu zile zinazoandikwa "rangi ya ngozi" si rangi ya ngozi ya mteja wangu hata mmoja, na chini ya blauzi nyeupe zinaonekana kutoka mbali. Zikifika, mama wa Uyole ndiye wa kwanza kupigiwa simu.