Kanisa la mawe kuwa maktaba: adui alikuwa saruji

Kibali kwanza. Kanisa dogo tulilokabidhiwa hapa Bagamoyo ni la Kikatoliki, na kwa sheria ya Kanisa ni askofu, akishalisikiliza baraza la mapadre, anayeweza kuruhusu litumike kwa shughuli nyingine, mradi isiwe ya aibu. Altare ina kanuni yake: jengo likibadilishiwa kazi, yenyewe haipotezi wakfu. Kwa hiyo wazo la kuifanya meza ya kuazimia vitabu lilikufa mapema. Ilihamishwa kabla ya rafu kuingia. Watu wa Mambo ya Kale, idara ya serikali inayosimamia majengo ya zamani, nao tuliwaona kabla ya kugusa ukuta.

Kazi yenyewe ilikuwa kuta. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene kama sentimita 60, na miaka ya nyuma mtu alizipiga lipu ya saruji akidhani anaziimarisha. Ukiigonga ililia kama mtungi mtupu. Unyevu hupanda kutoka ardhini, na lipu ya chokaa huuachia utoke. Saruji iliuziba, ukapanda juu zaidi ya kiuno cha mtu, chumvi ikajaa nyuma ya lipu na kuifurisha.

Tuliibandua kwa patasi na nyundo ndogo. Pale iliponata sana tuliiacha, maana ukilazimisha inatoka na uso wa jiwe. Chumvi nyeupe tuliipiga brashi kavu na kuizoa kwenye karai. Usiioshe: maji huiyeyusha na kuirudisha ukutani. Nje, udongo ulikuwa umepanda kuliko sakafu, tukauchimba hadi sentimita 20 chini yake na kuupa mteremko. Kisha tukaacha kuta zikauke kaskazi nzima.

Chokaa tulinunua ya mawe, iliyochomwa bila kuzimwa, yaani bado haijatiwa maji. Itie chokaa kidogo kidogo ndani ya maji mengi, usiimwagie maji machache, itaruka na kuunguza macho. Chekecha, uifunike kwa maji miezi 3. Lipu ni chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga mkali wa mtoni, yaani wenye chembe za kukwaruza. Wa pwani una chumvi, na hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaikimbia. Lowesha ukuta, piga tabaka lisilozidi sentimita 1, funika kwa magunia mabichi kwa wiki.

Upande wa magharibi tulipiga tabaka la pili baada ya siku 2, jua la alasiri likiingia mlangoni. Likapasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Tukalibandua lote, tukatundika maturubai, tukaanza upya.

Rafu ni za chuma, zinajisimamia sentimita 10 kutoka ukutani na 15 juu ya sakafu, hivyo hakuna msumari ukutani wala ukungu kwenye vitabu. Nyaya zinapita ndani ya mabomba yaliyo juu ya uso wa ukuta, vishikizo vikiwa kwenye viungo vya chokaa, si kwenye jiwe. Mwangwi ulikuwa mbaya, mtoto akikohoa nyuma unasikika mbele. Mikeka ya ukili iliyotundikwa kwenye kuta mbili imeupunguza sana. Kiyoyozi tulikikataa. Madirisha hukaa wazi.

Sentimita 30 za chini bado hutoa chumvi kila baada ya masika. Hapo tunabandua na kupiga chokaa upya, hapo tu.