Kituo Kilichosikika Baada ya Kufa

Mzee hakuwa mtu wa kupiga simu. Alikuwa akiandika kwenye tovuti yetu tangu mwaka wake wa kwanza, na katika miaka yote niliyoisimamia tulikuwa tumezungumza kwa sauti mara mbili tu. Kwa hiyo alipopiga Jumanne moja ya Desemba 2018, siku ya tatu tangu niifungue tovuti kwa sura mpya, nilidhani ananipongeza kama walivyofanya wenzake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kazi nzuri, nimeiona. Lakini ile logi yangu ya usiku wa mwisho umeipeleka Januari mosi. Siku hiyo kile kituo kilikuwa kimeshakufa. Sasa mimi nilimsikia nani?"

Sikuwa na jibu.

Kwa asiyejua mambo yetu: sisi ni wasikilizaji wa redio za masafa mafupi. Raha yetu ni kukinasa kituo cha mbali kwa antena ya waya, kukitambua, na kuandika tulichosikia. Maandishi hayo ndiyo logi. Huwa na tarehe, saa, masafa kwa kilohezi, jina la kituo, maneno au muziki uliosikika, na tarakimu tano za SINPO: nguvu ya mawimbi, mwingiliano wa vituo vingine, kelele, kuyumba kwa mawimbi njiani, na usikivu kwa jumla, kila moja kuanzia 1 hadi 5. Logi nzuri ukiituma kituoni, wanakurudishia kadi ya QSL kuthibitisha kwamba kweli uliwasikia.

Na saa ni ya UTC, saa ya pamoja ya dunia nzima, kwa kila mtu, popote alipo. Hilo si pambo. Watu wawili waliotenganishwa na bahari watajuaje kwamba sauti waliyoisikia ni moja, ikiwa kila mmoja anaandika saa ya ukutani kwake? Fundi wa kituo atailinganishaje barua yako na orodha ya vipindi vyake? Saa hiyo moja ndiyo iliyotufanya kundi kabla hatujaonana sura, na mimi, msimamizi, nilikuwa nimeivuruga.

Tovuti ilianza mwaka 1999. Niliikabidhiwa 2007 na mwanzilishi, macho yake yalipoanza kumsumbua. Ilikuwa imejengwa kwa majedwali ndani ya majedwali, mandhari ya kijivu, herufi ndogo, na chini kabisa maneno kwamba inaonekana vizuri kwenye skrini ya nukta 800 kwa 600. Kwenye simu ulilazimika kuivuta huku na huku kwa kidole kama anayesoma gazeti kupitia tundu la ufunguo. Niliijua aibu hiyo kwa miaka mingi na sikuigusa, maana logi 19,000 na ushei zilikuwa humo ndani, nami niliogopa kuvunja kitu cha watu.

Kilichonilazimisha ni PHP, lugha ya programu iliyoiendesha tovuti. Matoleo ya 5.6 yalikuwa yanaachwa bila marekebisho ya usalama kufikia mwisho wa 2018, na waliotuhifadhia seva walitangaza kwamba wataiondoa. Msimbo wetu ulizungumza na hifadhidata kwa amri za kale ambazo PHP 7.0, iliyotoka Desemba 2015, ilikuwa imeshazifuta. Hapakuwa na kiraka. Ilibidi kuandika upya, na kama ni kuandika upya, basi nikaamua kusuka upya kila kitu.

Miezi mitatu nilifanya kazi hiyo baada ya kazi yangu. Nilihangaika sana na herufi. Majina ya vituo vya Amerika ya Kusini yamejaa alama, na hifadhidata ya zamani ilikuwa imeyaweka kwa mfumo usio sahihi, hata ukiyahamisha ovyo ile "ñ" inageuka "Ã±". Niliyapitia majina hayo moja moja. Nilihangaika na viungo pia, kwa sababu wengine walikuwa wameandika anwani za logi zao nyuma ya kadi zao za QSL kwa mkono, na kadi huwezi kuihariri. Kila anwani ya zamani niliielekeza kwenye mpya yake kwa msimbo wa 301. Hadi leo hakuna hata moja iliyokatika. Hilo najivunia.

Kisha nikapata wazo. Niliona ni ukarimu mgeni akifungua logi aone saa ya mahali alipo, bila kupiga hesabu. Tarehe na saa, ambazo zamani zilikaa kama maandishi katika safu mbili, nikaziunganisha kuwa safu moja ya aina ya TIMESTAMP, ili kompyuta iweze kubadilisha yenyewe. Jumamosi ile nilipoifungua, watu walifurahi kweli. Mmoja alisema amesoma logi zake za miaka kumi akiwa kitandani, kwenye simu, kwa mara ya kwanza.

Baada ya simu ya mzee nilidhani kosa ni la maonyesho tu. Nikazima ule ubadilishaji, kila mtu aone UTC, nikawatangazia wanachama kwamba mambo yamekaa sawa. Nilifanya haraka mno. Logi ya mzee ilipaswa kusoma Desemba 31, saa 2342. Sasa ilisoma Januari 1, saa 0442.

Saa tano. Seva yetu ilikuwa mashariki mwa Marekani, na hapo ndipo moyo uliponiruka. Safu ya TIMESTAMP hupokea saa unayoipa, huichukulia kuwa ya ukanda ambao muunganisho umewekewa, kisha huibadilisha kuwa UTC kabla ya kuihifadhi. Nami sikuuambia muunganisho wangu kwamba saa hizi tayari ni UTC. Ikadhani ni za mashariki mwa Marekani, ikazisogeza. Logi za baridi zilisogea saa tano, za kiangazi saa nne, kwa kuwa wao husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, na tarehe za kusogeza zilibadilishwa kwa sheria kuanzia 2007, kwa hiyo hata mpaka kati ya nne na tano haukuwa mmoja kwa miaka yote.

Katika kupekua nikakuta jambo jingine. Logi saba za Jumapili moja ya Machi, za watu tofauti na vituo tofauti, zote zilikuwa na dakika ileile: 0700. Nilizitazama muda mrefu. Jumapili hiyo mashariki mwa Marekani saa huruka usiku wa manane kutoka 0200 hadi 0300, na dakika zote za katikati hazipo. Watu saba walikuwa wamesikia redio kati ya 0200 na 0259 UTC. Hifadhidata, ikiamini kwamba saa hiyo haikuwahi kutokea, ikawasukuma wote hadi mwanzo wa saa inayofuata.

Nakala rudufu ya zamani nilikuwa nayo, salama. Ningeirudisha siku hiyohiyo, kama si wanachama wenyewe. Walipoona saa zao zimepotoka, wengi hawakulalamika. Waliingia, wakarekebisha kwa mkono, logi moja baada ya nyingine, usiku kucha wengine, kunipunguzia mzigo. Walizirekebisha baadhi na kuziacha baadhi. Tena wengine walisahihisha wakati ubadilishaji bado haujazimwa, wakaandika saa za kwao. Zaidi ya hapo logi mpya zilikuwa zimeshaingia. Kurudisha nakala ya zamani kungefuta kazi yao yote ya siku tano.

Nikafunga kuandika, nikaacha kusoma tu, nikawaeleza ukweli wote. Kisha nikalinganisha nakala ya zamani na hifadhidata mpya mstari kwa mstari. Iliyotofautiana kwa saa nne au tano kamili kulingana na msimu, nilirudisha nyuma. Iliyolingana, mwenyewe ameshaisahihisha, niliiacha. Isiyoangukia popote niliiweka kando, na hizo zilikuwa 212, ambazo kila moja ilihitaji nimuulize mtu.

Mzee alikuwa na 31 kati ya hizo. Hakutaka kuandikiana. Alitaka tupigiane simu, naye asome kutoka kwenye madaftari yake. Alikuwa akiandika kwa penseli miaka yote, kwa sababu kalamu ya wino, alisema, hukauka kituo kinapotaja jina lake. Nilisikia karatasi zikifunguliwa upande wa pili. Alisoma polepole, kila tarakimu peke yake, nami nikirudia, mpaka tukaufikia ule usiku wa mwisho.

Kwenye tovuti logi hiyo ilikuwa na mstari mmoja tu: kipindi cha kuaga, bendi ya mita 60, SINPO 25322. Daftarini palikuwa na zaidi.

"Mbili tatu nne mbili. Mtangazaji mwanaume, anataja majina ya mafundi mitambo mmoja mmoja. Nimehesabu tisa. Mbili tatu tano moja, wimbo, sauti ya mwanamke, gitaa. Mbili tatu tano nane, kimya. Wimbi bado lipo, halina sauti ndani yake." Akanyamaza kidogo. "Sifuri sifuri sifuri sifuri. Hakuna kitu."

Nikamwuliza kama alijua kwamba kilikuwa kinafungwa. Akasema hapana, lugha yenyewe aliielewa nusunusu. Aliponyamaziwa ndipo alipofahamu. Zile zilikuwa enzi za vituo kuondoka. Juni 2012 peke yake Radio Netherlands na Radio Canada International ziliacha masafa mafupi, zenye majengo na historia, na magazeti yakaandika. Kile cha mzee kilikuwa kidogo. Sijaona popote pengine palipoandikwa kwamba kilizimwa saa ngapi, wala kwamba mafundi wake walikuwa tisa. Kikiwekwa Januari mosi saa 0442, ni kituo ambacho hakikuwahi kuwepo.

Nilimwomba ruhusa nikaongeza maneno ya daftari lake chini ya logi, kama alivyoyasoma. Safu ya TIMESTAMP nikaiondoa kabisa. Nikaweka DATETIME, ambayo hutunza ulichoandika bila kukigusa, na juu ya kila orodha nikarudisha herufi tatu zilizokuwapo tangu 1999: UTC. Wazo la kumwonyesha mgeni saa ya kwake sikulirudisha. Atakayetaka kusikiliza nasi atajifunza kuhesabu, kama sote tulivyojifunza, na ataipenda.

Tulifungua tena Desemba 29. Siku mbili baadaye, nikiwa nimekaa mbele ya skrini kutazama toleo la zamani la PHP likizimwa na kuhakikisha hakuna kinachoanguka, logi mpya ikaingia. Ilikuwa ya mzee. Kilohezi 10000, WWV, kituo cha Marekani ambacho kazi yake kuu ni kutangaza saa. Mwaka huo mapendekezo ya bajeti yalikuwa yametaja kukifunga, na sote tulikuwa na hofu nacho. Alikuwa ameandika: sauti ya mwanaume, mlio kila sekunde, 25322. Saa 2342.

Nikaiwasha redio yangu, nikazungusha hadi 10000. Mwanzoni ilikuwa mikwaruzo mitupu, jua likiwa limetulia miaka ile, na anga halibebi mawimbi vizuri. Kisha mlio, na mlio, na mlio, umefifia lakini unaendelea, halafu yule mwanaume akitaja saa 23 na dakika 47.

Nikaandika logi yangu juu ya yake.